Eibach Pro-Kit kwenye Golf GTI: tathmini ya springi za kushusha gari

Nimetumia seti mbili za springi za kushusha gari kwenye gari lile lile, Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 7 yenye shokapu za kawaida zisizorekebishika, na tofauti niliyoiona kati ya seti hizo ndiyo iliyonisukuma kuandika tathmini hii. Seti ya kwanza, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja, niliichagua kwa kigezo kimoja tu: iliahidi kulishusha gari kwa 50 mm, na picha za magari yaliyoifunga zilivutia sana. Seti ya pili ni Eibach Pro-Kit, ambayo inashusha kwa kiasi kidogo zaidi, na ndiyo iliyopo chini ya gari mpaka sasa. Kati ya seti hizo mbili nilijifunza kwamba milimita zilizoandikwa kwenye boksi humweleza mnunuzi jinsi gari litakavyoonekana likiwa limeegeshwa. Namna litakavyotembea huamuliwa na nafasi inayobaki kwa gurudumu kupanda kabla shokapu haijagota kwenye raba yake ya kikomo, na kipimo hicho hakikuwa kimeandikwa popote kwenye boksi.

Seti ya kwanza haikuwa na kasoro kwenye lami laini. Tatizo lilianza katika kona yenye kiungo cha daraja katikati yake. Gurudumu la nje, ambalo tayari lilikuwa limebonyea kwa sababu gari limelalia upande huo, lilipopanda kwenye kiungo lilikosa mahali pa kwenda, na pua ya gari ikarushwa nje ya mstari wake kwa kiasi ambacho nililazimika kurekebisha usukani. Hali hiyo ilijirudia kila mara barabara ilipokuwa na bonde dogo katikati ya kona. Nilipozifungua shokapu za mbele nilikuta raba za kikomo zimepondeka na kuchanika, na alama kwenye fito za shokapu zilionyesha kwamba kwa muda wote huo zilikuwa zikifanya kazi katika sehemu ya chini kabisa ya mwendo wake. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa linabebwa na raba, na springi nilizozinunua zilikuwa msaidizi wake.

Hesabu ya jambo hili ni rahisi, na ninamshauri kila mnunuzi aifanye kabla ya kuagiza. Tuseme springi ya mbele ya kiwandani ina ugumu wa niutoni 25 kwa kila milimita, na kutoka kimo cha kawaida hadi kwenye raba ya kikomo kuna 60 mm. Ili gurudumu lifike kwenye raba, barabara italazimika kulisukuma kwa nguvu ya ziada ya niutoni 1,500. Sasa shusha gari kwa 30 mm. Nafasi iliyobaki ni 30 mm, na ili raba ifikiwe kwa nguvu ile ile ya mwanzo springi mpya ingepaswa kuwa na ugumu wa niutoni 50 kwa milimita, yaani mara mbili ya ile ya awali. Ni nadra springi ya kushusha ya matumizi ya barabarani kuongezewa ugumu kwa kiasi hicho, kwa kuwa abiria wengi wasingeivumilia. Kama springi mpya imeongezewa ugumu hadi niutoni 32, ambalo ni ongezeko la asilimia 28, nguvu ya kufika kwenye raba inashuka hadi niutoni 960. Rudia hesabu hiyo kwa 50 mm na utabaki na 10 mm za nafasi, ambazo tuta dogo la barabarani linazimaliza bila shida. Namba za gari lako zitatofautiana na hizi, lakini uhusiano wenyewe haubadiliki: kila milimita inayoondolewa kwenye kimo inaondolewa pia kwenye nafasi ya kupanda, na ugumu unaoongezwa hurudisha sehemu tu ya kile kilichopotea.

Raba ya kikomo yenyewe si adui. Katika magari ya kisasa hutengenezwa kwa poliurethani yenye vinyweleo na huhesabiwa kuwa sehemu ya springi, ikiguswa taratibu na kuongeza ugumu kadiri inavyobonyea. Ndiyo maana maelekezo ya baadhi ya seti humtaka fundi aikate kwa urefu maalumu na mengine humwagiza aiache kama ilivyo. Maelekezo hayo yafuatwe neno kwa neno, kwa sababu anayekata zaidi ya alichoambiwa anaruhusu chuma kugonga chuma, na gharama yake ni shokapu iliyokufa.

Pro-Kit imeanzia upande wa pili wa hesabu hiyo. Kwenye gari langu imeshusha kwa takriban 25 mm nikipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, mbele na nyuma zikitofautiana kwa milimita chache, na hapa kuna jambo linalowakwaza wanunuzi wengi. GTI hutoka kiwandani ikiwa imeshushwa takriban 15 mm kuliko Golf ya kawaida, kwa hiyo springi ambayo ingeshusha Golf ya kawaida kwa kiasi kikubwa hushusha GTI kwa kiasi kidogo zaidi. Anayesoma tangazo linalotaja 30 mm hana budi kuuliza ni 30 mm kutoka kimo cha gari lipi. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo haifahamu bidhaa yake.

Katika kuagiza, namba ya modeli na mwaka wa gari havitoshi. Springi hupangwa kwa uzito unaobebwa na ekseli, na uzito huo hubadilika kutegemea injini, giaboksi, idadi ya milango na vifaa kama paa la kioo. Gari la dizeli lenye giaboksi ya otomatiki linaweza kuwa zito mbele kwa makumi ya kilo kuliko lile la petroli lenye giaboksi ya mkono, na springi iliyokusudiwa kwa hilo la pili ikifungwa kwenye la kwanza itashuka kupita ilivyotangazwa. Kwenye Golf ya kizazi hiki kuna pia shokapu za mbele za unene wa aina mbili, 50 mm na 55 mm, na shokapu zikibadilishwa lazima unene huo ujulikane mapema. Taarifa zote hizi zinapatikana kwenye karatasi ya misimbo ya gari na kwa kupima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), kazi isiyozidi robo saa.

Kwa upande wa utengenezaji, seti imeniridhisha kabisa. Eibach ni kampuni ya Finnentrop, Ujerumani, na mshindani wake mkubwa, H&R, yuko Lennestadt, mji wa jirani katika wilaya hiyo hiyo, jambo ambalo kwangu linaeleza kwa nini bidhaa zao zinakaribiana sana kwa ubora. Kila springi ilikuwa na namba yake iliyochapwa wazi kwa mbele na kwa nyuma, rangi yake, ya aina inayopakwa kama unga na kuokwa, imeshika vizuri hadi kwenye ncha za waya, na baada ya msimu mzima wa mvua sijaona kutu hata kwenye sehemu ya chini ya springi za nyuma ambako tope na mchanga hujikusanya. Rangi hiyo inastahili kukaguliwa kwa makini kuliko watu wanavyodhani. Springi huvunjika kwa uchovu wa chuma, na ufa huanzia mahali ambapo rangi imebanduka na kutu imechimba kishimo.

Pro-Kit ni springi ya ugumu unaopanda. Kwa waliozoea kuona springi yenye mizunguko iliyopangwa kwa nafasi sawa, hii itaonekana ya ajabu kidogo, kwa kuwa upande mmoja mizunguko imebanana na upande mwingine imeachana. Mizunguko iliyobanana ni laini na hulaliana mapema, na inapolaliana inaacha kufanya kazi, hivyo waya unaobaki hai unakuwa mfupi na springi inakuwa ngumu zaidi. Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba vishimo vidogo vinapokelewa kwa upole kuliko ambavyo springi ya ugumu mmoja yenye uwezo sawa ingefanya. Ya pili haitajwi mara nyingi ingawa inahusu usalama moja kwa moja: gari likiinuliwa kwa jeki na gurudumu kuning'inia, mizunguko ile laini hutanuka na kuibana springi mahali pake. Springi fupi yenye ugumu mmoja, kama haikutengenezwa kwa uangalifu, hulegea kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia, na inaweza kukaa upande gari linaposhushwa. Jaribu hili kwa seti yoyote kabla ya kuondoka gereji: inua gari, shika springi kwa mkono, na uone kama inazunguka. Zangu hazikuzunguka.

Wapo wanaopendelea ugumu mmoja, hasa wanaoendesha kwenye viwanja vya mashindano, kwa hoja kwamba dereva anajua wakati wote gari litajibu vipi na shokapu inaweza kurekebishwa kwa thamani moja. Hoja hiyo ni sahihi. Kwa gari linalobeba familia asubuhi na kupita barabara zilizoharibika jioni, bado ninachagua ugumu unaopanda.

Hapa inanipasa kugusia kukata springi za kiwandani, kwa sababu bado kuna mafundi wanaolipendekeza kama njia ya mkato. Ugumu wa springi hutegemea unene wa waya ukipandishwa kwa kipeo cha nne, upana wa mzunguko, na idadi ya mizunguko hai. Waya ukinenepa kutoka 12 mm hadi 13 mm pekee, ugumu unaongezeka kwa takriban asilimia 38. Anayekata mzunguko mmoja kati ya sita anaongeza ugumu kwa asilimia 20 tu huku akiwa ameondoa sehemu kubwa ya kimo, ameharibu ncha iliyoumbwa kukaa kwenye kikalio, na kama ametumia moto ameulegeza pia chuma wenyewe. Hakuna mazingira ninayoweza kuyafikiria ambamo ningekubali kupanda gari lililofanyiwa hivyo.

Kufunga kulichukua karibu siku nzima. Springi ya mbele iliyobanwa hubeba nguvu inayoweza kuua, na kazi ya kuifungua ifanywe kwa kibanio imara cha gereji na mtu aliyeizoea. Kwenye Golf, shokapu ya mbele imechomekwa ndani ya nguzo ya gurudumu na inahitaji kifaa cha kuipanulia. Bolti nyingi za chini ni za kutumika mara moja, na beringi ya juu ya shokapu ni vema ibadilishwe wakati huo huo. Jambo ambalo ningemsimamia fundi yeyote ni bushi. Bushi za raba kwenye mikono ya nyuma zimeshikana na chuma pande zote mbili, na raba hujipinda kila mkono unapopanda au kushuka. Bolti zake zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, bushi zitakaa zikiwa zimepindwa muda wote gari likiwa chini, zitalikatalia gari kushuka hadi kimo chake sahihi, na zitachanika mapema. Kaza bolti hizo kwa spana ya toki uzito wa gari ukiwa tayari umekalia magurudumu. Fundi wa seti yangu ya kwanza hakufanya hivyo, nami nilishangaa kwa wiki kadhaa kwa nini upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine.

Baada ya kilomita mia chache springi hukaa, na hapo ndipo alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, inapofaa kufanywa. Gari likishuka, magurudumu huinamia ndani kwa juu, na pia huanza kuangaliana au kuachana kwa mbele kulingana na umbo la mikono yake. Wengi hulaumu ule mwinamo kwa tairi kulika upande wa ndani, ilhali mwinamo mdogo huila tairi polepole sana. Kinachozimaliza tairi ni kuachana au kuangaliana kwa magurudumu, ambako hukwangua mpira kila mita inayosafiriwa. Kwenye gari hili nyuma inarekebishika kikamilifu kwa bolti za eksentriki, yaani zenye mhimili usio katikati, lakini mbele mwinamo hauna marekebisho ya maana zaidi ya kusogeza fremu ndogo inayobeba mikono ya chini ili kusawazisha kulia na kushoto. Kwa kushuka 25 mm nilipata vipimo vyote ndani ya mipaka ya kiwanda. Kwa ile 50 mm sikuvipata, na tairi za nyuma zilinionyesha hivyo.

Kuna athari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo inahusu mbele peke yake. Katika mfumo wa MacPherson, ambamo gurudumu la mbele hushikwa na shokapu kwa juu na mkono mmoja kwa chini, bodi hulalia upande kwa kuzunguka nukta ambayo mahali pake huamuliwa na mwelekeo wa mkono wa chini. Gari likishuka na mkono huo ukaanza kupanda kuelekea kwenye gurudumu, nukta hiyo huzama haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka, na umbali kati ya viwili hivyo, ambao ndio mkono wa nguvu inayolilaza gari, unarefuka. Gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza basi kutaka kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, na springi ngumu inatumika kuficha kosa ambalo kushusha kwenyewe kumelizaa. Kushuka kwa kiasi cha Pro-Kit kunaubakiza mkono huo karibu na usawa wake.

Barabarani, mabadiliko ni ya wastani na ninayapenda kwa sababu hiyo. Gari linaingia kwenye kona bila kuchelewa, pua haizami sana breki zinapokanyagwa, na upepo wa pembeni kwenye barabara kuu hauliyumbishi kama zamani. Katika mwendo wa chini juu ya vishimo vyenye kingo kali unahisi mgongo ukipata habari zaidi kuliko awali, na abiria wa nyuma watakueleza hivyo kabla hujawauliza. Ukiwa na watu watano na mizigo kwenye buti, nyuma inakaribia raba ya kikomo kwenye matuta makubwa, na kwa anayebeba mzigo kila siku siipendekezi seti hii wala nyingine yoyote ya kushusha. Pia taa za mbele zilizo na kihisi cha kimo lazima ziwekwe upya kwa kompyuta, la sivyo mwanga utaelekea pasipofaa, na gari lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele lipimwe kamera hiyo nayo.

Nimeulizwa kwa nini sikuchagua Sportline, springi nyingine ya Eibach inayoshuka zaidi na yenye ugumu mkubwa zaidi. Jibu ni ile hesabu ya nafasi: Sportline inamfaa mtu ambaye barabara zake ni nzuri na ambaye amekubali kubadilisha shokapu tangu siku ya kwanza.

Na shokapu ndizo sehemu pekee ambayo ninatofautiana na tangazo la Pro-Kit. Mtengenezaji anasema seti hii inafanya kazi na shokapu za kiwandani, na kwa shokapu mpya nakubaliana naye. Springi iliyoongezewa ugumu kwa asilimia 28, kama ile ya mfano wangu wa hesabu, inahitaji shokapu yenye nguvu ya utulizaji iliyoongezeka kwa takriban asilimia 13 ili bodi itulie kwa kiwango kile kile, pengo ambalo shokapu nzima inaweza kulivumilia. Zangu zilikuwa zimeshatembea kilomita nyingi, na baada ya kila bonde refu bodi ilipanda na kushuka mara moja zaidi kabla ya kutulia. Miezi michache baadaye nilifunga Bilstein B8, ambazo ni fupi kuliko za kawaida na zimekusudiwa magari yaliyoshushwa, tofauti na B6 ambazo ni za kimo cha kiwandani. Kule kupanda na kushuka kukaisha siku hiyo hiyo, vishimo vikapungua makali, na gesi iliyo ndani ya shokapu hizo ikaliinua gari milimita chache, ambazo sikuzililia.

Ningekuwa naagiza leo, springi na shokapu zingefika pamoja na kufungwa siku moja, kwa sababu kazi ya kufungua mbele ni ile ile, beringi za juu zinafunguliwa mara moja, bolti za kutumika mara moja zinanunuliwa mara moja, na alaimenti inalipiwa mara moja. Mimi nililipia vyote hivyo mara mbili.